Vyombo Vilikuwa Safi

Jumatatu, 2 Juni

Nimeanza kazi leo, na siku ya kwanza tu nimekaripiwa mara nne. Nazihesabu hapa ili nisizibebe hadi kitandani.

Mwalimu wetu wa lugha alisema shajara isiyojieleza ni fumbo, basi najieleza. Nimemaliza shule. Chuo cha mafundi wa maabara kinataka kila mwombaji alete barua kutoka maabara aliyofanyia kazi msimu mzima. Mama Mdogo, yaani mdogo wake mama, amesafisha jengo la utafiti miaka kumi na miwili, na ndiye aliyemwomba Daktari, mkuu wa maabara ya ghorofa ya pili, anipokee nioshe vyombo kipupwe chote hadi mwisho wa Agosti. Bila barua ya Daktari hakuna chuo. Mama Mdogo alinikumbusha hilo tukiwa njiani, tukiwa getini, na tukiwa kwenye ngazi.

Karipio la kwanza: viatu vya wazi. La pili: kugusa friza bila glavu. La tatu: kuacha chupa mezani bila lebo. "Chupa isiyo na lebo ni nini?" aliuliza fundi wa maabara, mwanamume mwenye kalamu tatu mfukoni na uso kama kakanyaga mwiba. "Ni takataka," akajijibu. La nne: nilitupa kichupa kilichokwisha. Alikitoa kwenye pipa kwa koleo, polepole, kama anamwokoa mtu kisimani, akakilaza kwenye boksi lililoandikwa MAKABURINI. Kumbe hapa kichupa kikiisha hakitupwi. Kinazikwa kwenye boksi hilo, ndani ya friza, na lebo yake na tarehe ya kufa, hadi msimu uishe.

Wote wanamwita Bwana Lebo. Nimemchukia kabla sijajua jina lake halisi.

Jumanne, 3 Juni

Nimeosha. Makaripio mawili tu.

Alhamisi, 5 Juni

Anayetumia vyombo ninavyoosha ni mwanafunzi wa shahada ya udaktari, yuko mwaka wa nne. Humu nitamwita Dada Miwani. Mdomoni namwita Dada. Ni mtu wa kwanza kwenye jengo lile kuniuliza kama nimekula.

Kazi ngumu ni vikombe vinne vya kioo, vya pembe nne, virefu kama kidole changu cha mwisho. Mwanga unapita humo, kwa hiyo doa dogo ni msiba. Sabuni yake mara moja, maji yaliyochujwa mara saba, spiriti mara moja, kisha kuvipindua juu ya karatasi laini. Nahesabu zile saba kwa sauti ndani ya barakoa, maana nikihesabu kimoyomoyo napotea kwenye tano.

Daktari amepita leo. Nikiwa kidato cha pili alikuja shuleni kwetu, akasema swali moja zuri lina uzito kuliko majibu kumi. Niliiandika sentensi hiyo ndani ya jalada la kitabu cha biolojia. Leo amenipita kama stuli.

Jumatatu, 9 Juni

Nilikosea kuandika joto la friza kwenye kitabu, nikapaka wino mweupe. Bwana Lebo alikishika kitabu kwa ncha za vidole. Akasema maabara haifuti kitu. Unapiga mstari mmoja juu ya kosa, kilicho chini kiendelee kusomeka, unaandika lililo sahihi pembeni, unatia saini na tarehe. "Anayefuta anaficha," alisema. Mama Mdogo alikuwa anapiga deki karibu, akasikia yote. Njia nzima ya kurudi nyumbani nimeimbiwa wino mweupe.

Jumatano, 11 Juni

Baridi kali. Kichupa kimoja cha DNA kimeisha, nimekizika mwenyewe. Chini kulibaki matone mawili. Niliuliza kama niyakamue, Bwana Lebo akasema maiti haikamuliwi.

Alhamisi, 12 Juni

Nimeuliza swali. Naliandika kwa sababu ni tukio.

Nilimuuliza Dada Miwani anatafuta nini ndani ya vikombe vyangu. Akavuta stuli mbili. Bakteria, alisema, akiwa kwenye digrii thelathini na saba anaishi raha mustarehe. Mtupe ghafla kwenye digrii kumi na tano, karibu viwanda vyote ndani yake vinasimama. Lakini kuna protini chache ambazo hapo ndipo zinaanza kutengenezwa kwa wingi. Zinaitwa protini za mshtuko wa baridi. Kwenye baridi, nyuzi zinazobeba maagizo ya seli hujikunja na kujifunga zenyewe hadi hazisomeki. Protini hizi huudaka uzi ukiwa mmoja na kuuzuia usijifunge. Hapa maabara wanatumia uzi mmoja wa DNA, kwa sababu hauharibiki haraka, na protini inaudaka vilevile.

Inaudakaje? Hilo lilikuwa swali langu la pili kwa siku moja. Akachora. Upande mmoja wa protini una vibati bapa vilivyojitokeza. Herufi za DNA nazo ni bapa, hasa herufi T inazozipenda, zinalala juu ya vibati kama sahani juu ya sahani. Kibati kimojawapo hung'aa kikimulikwa kwa mwanga tusiouona kwa macho. DNA ikikilalia, kinafifia. Mashine inapima kufifia huko. Mng'ao ukishuka kutoka mia hadi thelathini, protini imeshika uzi.

Na zikiwa nyuzi mbili zilizosokotana? Alicheka. "Mdogo wangu, hapo herufi zimegeukiana ndani, zimeshikana zenyewe kwa zenyewe. Protini inakuta mgongo tu. Haishiki."

Jioni nilimsimulia mama, ambaye ni fundi cherehani. Alikuwa anafumua uzi uliojikunja chini ya sindano. Alifikiri kidogo, akasema, "Kumbe hata kijidudu kina mtu wa kukishikia uzi. Mimi nina nani?" Nikamshikia uzi.

Ijumaa, 20 Juni

Bwana Lebo ameenda kung'oa jino. Friza imeyeyushwa barafu, nimeshika boksi la vichupa hadi vidole vikafa ganzi. Dada Miwani amemimina kichupa kimoja kidogo ndani ya kingine kupunguza msongamano, mimi nikakizika kilichobaki kitupu. Nyumbani viporo.

Jumanne, 24 Juni

Dada Miwani amepima, hakuna kilichoshuka. Mia ikawa tisini na sita. Anasema mashine imeamka vibaya.

Jumatano, 25 Juni

Tisini na saba.

Ijumaa, 27 Juni

Tisini na sita. Hajaniuliza kama nimekula.

Alhamisi, 3 Julai

Wamejaribu protini mpya. Tisini na saba. Chumba kizima kimenuna. Naosha mara saba, kisha naongeza ya nane kwa woga.

Jumatatu, 7 Julai

Nitaandika yote, hata mkono ukichoka.

Asubuhi Daktari aliitisha kikao cha wima, watu wamezunguka meza ya kati. Mimi nilikuwa kwenye sinki, mgongo kwao, hakuna aliyeniambia nisogee wala nitoke. Vipimo kumi na moja vimeharibika, alisema. Wiki ya katikati ya Agosti Dada Miwani anatakiwa kuwasilisha kazi yake mbele ya jopo, na hana kitu. Akaanza kuuliza kimoja kimoja. Protini? Mpya, imekaguliwa. Mashine? Bwana Lebo ameipima. Maji ya bafa ya kuchanganyia? Yaleyale. Uzi wa DNA?

"Uleule," alisema Dada Miwani. "Mwezi wa tano ulishika vizuri tu."

"Basi tuulize hivi," Daktari akasema. "Tangu mwezi wa tano, kilichobadilika humu ni nini?"

Nilisikia maji yangu yakitiririka, nikafunga bomba, na kufunga huko ndiko kulikowafanya wote wageuke.

"Muoshaji," alisema Daktari. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayemalizia hesabu.

Nilitaka kusema kwamba naosha mara saba, siku hizi nane. Nilitaka kusema kwamba mwezi Juni, mwanzoni, vikombe nilivyoosha mimi vilitoa thelathini, kitabu kipo, kifunguliwe. Maneno yalikuwepo yote, yamejipanga foleni nyuma ya meno, na mlango haukufunguka. Nimekuwa hivi tangu darasa la kwanza. Mwalimu akinitazama, ulimi unakuwa gogo. Bwana Lebo aliniangalia kana kwamba anasubiri. Dada Miwani aliangalia viatu vyake.

Daktari akafungua kitabu cha vipimo. Mbele yangu, kwenye kila kimoja cha vile kumi na moja, akaandika: Vyombo vichafu. Uzembe wa muoshaji. Mara kumi na moja. Ana mwandiko mzuri sana.

Kisha akaniambia nisiguse tena vioo, niende nikamsaidie Mama Mdogo kupiga deki. Kuhusu barua, akasema, tutaona.

Mwanamke huyu alisema swali moja lina uzito kuliko majibu kumi. Mimi hakuniuliza hata moja.

Jumanne, 8 Julai

Deki. Mama Mdogo hasemi nami. Anasema na ndoo. Ameiambia ndoo kwamba miaka kumi na miwili hakuna aliyewahi kulalamika juu ya jina lake, na leo kaletewa aibu na damu yake mwenyewe. Ndoo ilikuwa na subira kuliko mimi.

Jumatano, 9 Julai

Deki.

Alhamisi, 10 Julai

Deki. Baridi ya sakafu inapanda hadi magotini. Nimechana ukurasa wa kwanza wa kitabu cha biolojia, ule wenye sentensi yake. Halafu nikaugundisha tena, kwa sababu sentensi haina kosa, aliyeisema ndiye mwenye kosa.

Jumatano, 16 Julai

Mama anauliza kama nilisuuza kweli. Mama yangu mzazi. Nilimwambia mara saba. Akasema, "Najua, mwanangu, nauliza tu." Anayejua haulizi.

Jumatatu, 21 Julai

Nimefuta vioo vya mlango wa maabara makusudi, polepole, nione ndani. Bwana Lebo anaosha vikombe mwenyewe sasa. Ameviloweka kwenye asidi, amesuuza, amevipandisha kwenye taa akavigeuza kila upande.

Jumanne, 22 Julai

Wamepima kwa vikombe alivyoosha Bwana Lebo. Tisini na sita.

Nilidhani sasa itakuwa basi. Mama Mdogo mwenyewe alikuwa ndani akikusanya taka, ndiye aliyenisimulia. Anasema Bwana Lebo aliweka kikombe mezani, akasema, "Hiki nimeosha mimi. Sasa mzembe ni nani?" Na Dada Miwani akajibu kwamba huenda vioo vilishakwaruzwa na yule binti, haviponi tena, tungoje vipya. Daktari akakubali. Vipya vitafika Septemba.

Yule binti. Tulikaa stuli mbili, tukachora sahani juu ya sahani, leo mimi ni yule binti.

Nimejaribu kuvunja sahani nyumbani nikiosha. Moja, ya bati, haikuvunjika, imebonyea tu. Hata kuvunja siwezi.

Ijumaa, 25 Julai

Deki.

Jumamosi, 2 Agosti

Mvua ya manyunyu, mama ameenda kupeleka nguo za wateja. Nilikaa kusoma shajara hii tangu mwanzo, kwa nia mbaya: nilitaka kujumlisha makaripio yote ya Bwana Lebo nimchukie kwa takwimu. Yalifika thelathini na moja. Katika kuhesabu nikapita tarehe 20 Juni. Mistari michache kuhusu barafu na viporo. Nikapita. Nikarudi.

Dada Miwani amemimina kichupa kimoja kidogo ndani ya kingine.

Kipimo cha kwanza kuharibika ni cha 24 Juni.

Nilisimama, nikakaa. Nikakumbuka lebo, maana ndizo nilizoziangalia wakati vidole vinakufa ganzi: namba ndefu ileile kwenye vyote viwili, ila mwishoni kimoja kina 1, kingine kina 2. Nilidhani, na bila shaka naye alidhani, ni kichupa cha kwanza na cha pili cha kitu kilekile. Lakini nimefungua vifurushi vya oda mwezi mzima. Wauzaji huleta DNA jozi: uzi wenyewe, na mwenzake anayeshikana naye herufi kwa herufi, kwa ajili ya kutengeneza nyuzi mbili za kulinganisha. Namba moja kwa jozi nzima.

Alizikutanisha. Tangu siku ile ndani ya kichupa hakuna uzi mmoja. Zimeshikana, herufi zimegeukiana, na protini inagusa mgongo tu. Kwa nini ishike? Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba haishiki.

Sijawahi kukasirika na huku nikifurahi kwa wakati mmoja. Ni kama kula pilipili na sukari, vyote vinachoma.

Jumatatu, 4 Agosti

Nilimngoja Dada Miwani kwenye chumba cha baridi, kile cha digrii nne, kwa sababu humo hakai mtu na kwa sababu nikitetemeka atadhani ni baridi. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye kiganja. Jasho likayafuta. Nikasema vivyo hivyo: tarehe ishirini Juni, kichupa cha moja na cha mbili, ni jozi.

Miwani yake ilikuwa imeingia ukungu. Aliivua, akaifuta kwa koti, na akiwa anafuta nikaona ameshaelewa. Hakubisha hata kidogo. Alisema polepole, "Mungu wangu, ile oda." Akakaa juu ya kreti.

Nilingoja aseme twende kwa Daktari.

Alipofungua mdomo alisema, "Jopo ni tarehe kumi na tano. Daktari akijua nimechanganya nyuzi mimi mwenyewe, mwaka wa nne, na nikapoteza wiki sita, atanitoa. Nitaagiza uzi mpya kimya kimya, utafika kesho kutwa, nitapima usiku na mchana. Vipimo vitakaa sawa, kila mtu atasahau."

Nikauliza: na yaliyoandikwa kitabuni?

"Wewe ni wa msimu, mdogo wangu. Mwisho wa mwezi unaondoka. Mimi ni miaka minne ya maisha yangu. Barua nitakuandikia mwenyewe, nzuri kuliko ya Daktari. Chuo kitaikubali."

Aliniomba. Hakunitisha, aliniomba, alinishika mikono na mikono yake ilikuwa baridi kama yangu. Laiti angenitisha ningejua la kufanya. Nilitoka bila kusema ndiyo wala hapana, kama kawaida yangu, na najua ameichukulia kama ndiyo. Maisha yangu yote kimya changu kinachukuliwa kama ndiyo.

Jumanne, 5 Agosti

Nilimweleza Mama Mdogo. Aliacha kusema na ndoo, akanigeukia. Alinisikiliza hadi mwisho, hilo nampa. Kisha akasema nichukue barua ya Dada Miwani, nifunge mdomo, niende chuoni. "Wakigombana tembo," akaanza, nikamwambia methali hiyo naijua. Akasema kama naijua mbona najifanya si nyasi.

Niliuliza: na jina lako, Mama Mdogo, la miaka kumi na miwili? Alikamua dekio kwa nguvu hadi maji yakamrukia usoni.

Jumatano, 6 Agosti

Sijalala vizuri. Barua mbili ziko mbele yangu, moja ya Daktari ambayo siipati, moja ya Dada Miwani ambayo ni ya kuninyamazisha. Nikiipokea hiyo nitafika chuoni, na kila nitakaposuuza kitu nitasikia sauti: kumi na moja.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimemwendea Bwana Lebo.

Alikuwa anakata lebo kwa mkasi, kila moja sawa na mwenzake. Nilisimama pale hadi akamaliza mkanda mzima. Sikuwa na hotuba. Nilisema, "Fundi, naomba kaburi la tarehe kumi na moja Juni."

Hakuuliza ni kwa nini. Alivaa glavu, akafungua friza, akatoa boksi lake, akafukua kwa koleo mstari kwa mstari. Kilikuwepo. Lebo yenye 1 mwishoni, na chini kabisa matone mawili yaliyoganda ya uzi wa kabla ya kuchanganywa, yale ambayo hakunikubalia niyakamue. Nilimwambia atafute na la tarehe 20 Juni. Hilo lilikuwa na 2. Akavishika viwili kwenye taa, kimoja mkono huu, kingine mkono ule.

"Nilikuwa kwa daktari wa meno," alisema mwishowe. Ilikuwa kama anakiri dhambi.

Nikamwambia yaliyobaki. Nilisema sentensi kama sita mfululizo, sijui zilitoka wapi. Alisema matone yale yanatosha kipimo kimoja tu, hakuna cha pili. Basi kifanyike kesho, mbele ya Daktari, kwenye kikombe cha zamani, na nioshe mimi.

Kisha akasema, "Siku ile ulipofunga bomba, nilingoja useme."

Nikamwambia, "Na mimi nilingoja wewe useme."

Alirudi kukata lebo, na ile ya kwanza aliikata upande. Makaripio yake thelathini na moja sijayasamehe. Lakini si takataka, yule mtu.

Ijumaa, 8 Agosti

Niliosha kikombe saa mbili asubuhi, watu wanne wakinitazama: Daktari, Dada Miwani, Bwana Lebo, na Mama Mdogo mlangoni na ndoo yake, ambaye hakuitwa na hakuna aliyethubutu kumwondoa. Sabuni moja. Maji moja, mbili, tatu. Nilihesabu kwa sauti, bila barakoa. Kwenye tano sauti ilikatika, Mama Mdogo akasema "tano" kutoka mlangoni kana kwamba anakohoa. Sita. Saba. Spiriti.

Daktari alikuwa na haraka. Alimwambia Bwana Lebo kwamba anakubali mchezo huu kwa sababu ya heshima yake tu. Bwana Lebo akasema ni kipimo kamili, kitaandikwa kama vingine. Akaweka protini kwenye kikombe changu, akashusha joto hadi digrii kumi na tano. Mashine ikaonyesha mia. Kisha akayeyusha matone yale mawili mkononi, akayavuta kwa pipeti, akayaingiza.

Nilimwangalia Dada Miwani. Alikuwa ameshajua, tangu alipoona kichupa. Alikuwa na nafasi ya kusema wakati pipeti inashuka, na wakati kifuniko kinafungwa, na wakati mashine inahesabu. Nilimpa nafasi zote hizo kwa macho. Hakuzichukua, na hapo ndipo hasira yangu kwake ikawa kamili, haina tena huruma ndani yake.

Themanini. Hamsini na tano. Thelathini na nne. Thelathini na moja. Ikatulia hapo.

Mama Mdogo hajui kusoma mashine ile, lakini alisoma nyuso. Aliweka ndoo chini.

Daktari alisogea, akaangalia kioo cha mashine, akakiangalia kikombe, akaniangalia mimi. Mara ya kwanza tangu Juni. "Kilichobadilika ni nini?" aliuliza, na safari hii lilikuwa swali kweli, na aliuliza akinitazama.

Ulimi ulikuwa gogo. Nikausukuma hivyo hivyo. "Kichupa, Daktari. Tarehe ishirini Juni. Uzi ulimiminiwa mwenzake. Vyombo vilikuwa safi."

Nikanyamaza hapo. Sikumtaja mtu. Chumba kikangoja, mashine inanguruma, na kimya changu kwa mara ya kwanza hakikuwa ndiyo ya mtu. Dada Miwani akavua miwani. "Nilimimina mimi," alisema. "Nimejua tangu Jumatatu."

Daktari hakumfokea. Alimwambia akamngoje ofisini. Kisha akanigeukia, akasema nimefanya vizuri, nina jicho zuri, barua yangu ataiandika leo leo, na itakuwa barua nzito. Alishageuka kuondoka. Kwake yeye yalikuwa yamekwisha.

"Kwanza kitabu, Daktari," nilisema.

Hakuelewa. Bwana Lebo alielewa. Alishakifungua mezani, kwenye ukurasa wa kwanza wa zile kumi na moja, kalamu juu yake. Daktari alisema hiyo ni kazi ya dakika moja, atamwachia Fundi. Bwana Lebo akasema, kwa adabu kabisa, kwamba anayepiga mstari ni yule aliyeandika.

Basi akakaa. Akapiga mstari juu ya uzembe wa muoshaji, akaandika pembeni: nyuzi zilichanganywa, vyombo safi. Saini. Tarehe. Akafungua ukurasa wa pili. Sikusogea. Nilisimama karibu yake mara zote kumi na moja, na kufikia ya sita mwandiko wake mzuri ulikuwa umeanza kuchoka. Kwenye ya tisa alisema bila kuinua uso, "Ilinipasa nikuulize." Nikasema, "Ndiyo, Daktari."

Maneno yale bado yanasomeka chini ya mistari. Nilitaka yafutwe, yasiwepo, lakini hapa hakifutwi kitu, na sasa nadhani afadhali. Atakayefungua kitabu hiki miaka ijayo aone walichoandika, na aone kwamba ilibidi wakipige mstari.

Dada Miwani nilimwona kwenye ngazi akiwa na boksi la vitu vyake, sijui kama anaondoka kwa leo tu au moja kwa moja. Aliniuliza kama nimekula. Nilipita. Bado nina hasira naye, na nina hasira kwamba kesho nitamkumbuka kwa ile michoro yake ya sahani.

Lakini hili nililiacha la mwisho. Kipimo cha leo kina safu ya kujaza: protini, uzi, joto, matokeo, aliyeandaa vyombo. Safu hiyo ya mwisho msimu mzima ilikuwa na mstari mtupu, au neno muoshaji. Bwana Lebo aligeuza kitabu upande wangu na kunipa moja ya zile kalamu tatu. Niliandika jina langu, na la baba, na la babu, yote, hadi yakagonga ukingo wa karatasi. Akasema nimetoka nje ya kisanduku.

Karipio la thelathini na mbili.